Kadhi katika Nchi Isiyo na Dini

Katika Afrika Mashariki, mjadala wa kutenganisha dini na dola umekuwa mkali zaidi mahakamani kuliko kanisani au msikitini, na mahakama inayogombewa ni ya kadhi. Kadhi ni hakimu anayeamua kwa Sheria ya Kiislamu mambo ya ndoa, talaka na mirathi ya Waislamu. Kenya imemweka ndani ya katiba yake na kumlipa mshahara, na Zanzibar nayo inaye. Tanzania Bara ilimwondoa mara tu baada ya uhuru, na madai ya kumrudisha yamegonga mwamba kila yalipofika bungeni. Uganda imefanya la ajabu zaidi. Katiba yake ya mwaka 1995 inazitaja mahakama za kadhi, lakini Bunge halikutunga sheria ya kuziunda, na kadhi wa Uganda akabaki kwenye maandishi. Wakati huohuo Kenya, Tanzania na Uganda zote zinatangaza kwamba dola haina dini.

Tangazo hilo halina maana moja popote duniani. Marekebisho ya kwanza ya Katiba ya Marekani, yaliyopitishwa mwaka 1791, yanalikataza Bunge kuanzisha dini ya taifa, na papo hapo yanalikataza kuwazuia watu kufuata dini zao. Ufaransa, kwa sheria ya Desemba 1905, iliacha kuwalipa mishahara viongozi wa dini, na baadaye ikazisukuma alama za dini nje ya shule za serikali. Uingereza haijatenganisha kabisa: mfalme ndiye mkuu wa Kanisa la Anglikana, na maaskofu 26 wa kanisa hilo wana viti vyao katika Baraza la Malodi. Afrika Mashariki basi ilirithi mahakama zake kutoka kwa mkoloni ambaye kwao dini na dola zilikuwa chini ya taji moja. Huenda ndiyo sababu hakuona tabu yoyote kumwacha kadhi alipomkuta.

Na alimkuta. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alipokewa na kadhi wa mji. Miji ya mwambao ilikuwa na makadhi karne nyingi kabla ya bendera ya Ulaya kupandishwa. Chini ya masultani wa Zanzibar hali ilikuwa na utata wake, kwa kuwa watawala walikuwa Waibadhi na raia wao wengi Waislamu walikuwa Wasuni wa madhehebu ya Shafi. Sultani aliteua makadhi wa pande zote mbili, kila mtu ahukumiwe kwa madhehebu yake. Hata dola iliyokuwa na dini ililazimika kujiuliza itafanya nini na raia wasioabudu kama mtawala.

Mwaka 1895 Waingereza walikubaliana na Sultani Hamad bin Thuwaini kuuendesha kwa niaba yake ukanda wa maili kumi wa pwani ambayo leo ni ya Kenya, huku wakiahidi kuiheshimu Sheria ya Kiislamu na mahakama zake. Bara ilipofanywa Koloni la Kenya mwaka 1920, ukanda huo haukuunganishwa nayo moja kwa moja, bali ulibaki Nchi ya Ulinzi, na bendera nyekundu ya Sultani iliendelea kupepea Mombasa. Liwali na mudiri, maofisa wa utawala wa pwani, pamoja na kadhi waliendelea na kazi zao. Cheo cha Kadhi Mkuu kilishikwa na wanazuoni wakubwa. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alikishika kuanzia mwaka 1937 hadi alipofariki mwaka 1947. Baada ya uhuru alikuja Sheikh Abdulla Saleh Farsy kutoka Zanzibar, yuleyule aliyeifasiri Kurani nzima kwa Kiswahili.

Uhuru ulipokaribia, suala la mwambao lilikuwa moto. Wapo waliotaka pwani ijitawale au irudi Zanzibar. Tume ya James Robertson ya mwaka 1961 ilipendekeza ukanda uunganishwe na Kenya, lakini Waislamu wapewe dhamana. Oktoba 1963 Jomo Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Mohammed Shamte, walibadilishana barua. Sultani aliachia madai yake juu ya ukanda, na Kenya ikaahidi kulinda uhuru wa ibada, hati za ardhi na mamlaka ya makadhi. Shamte alipinduliwa pamoja na serikali yake Januari 1964, miezi mitatu tu baadaye, lakini ahadi ilikwisha kuingia katika katiba. Ndiyo maana Waislamu wa Kenya hawaioni mahakama ya kadhi kuwa hisani ya serikali. Kwao ni sharti ambalo pwani iliingia nalo Kenya.

Sheria ya Mahakama za Kadhi ya mwaka 1967 ilizipa mahakama hizo sura ya kisasa, na kwa miaka mingi hazikumsumbua mtu. Ugomvi ulizuka wakati wa kuandika katiba mpya. Wajumbe wa mkutano wa katiba waliokutana Bomas, Nairobi, walitaka kadhi apewe nafasi ya wazi zaidi, na mwaka 2004 kundi la viongozi wa makanisa likaenda Mahakama Kuu kupinga. Rasimu iliyopelekwa kwenye kura mwaka 2005 ilijaribu kuwaridhisha wote kwa kuruhusu pia mahakama za Kikristo na za Kihindu. Makanisa hayakuzipigania, kwa kuwa hoja yao haikuwa kupata mahakama yao. Rasimu yote ilikataliwa na wapiga kura, ingawa kwa sababu nyingine nyingi.

Hoja ya makanisa ilisimama juu ya mambo matatu. La kwanza ni fedha: kwa nini kodi ya Mkristo, Mhindu na asiye na dini imlipe hakimu ambaye lazima awe Mwislamu na anayehukumu kwa sheria ya dini moja? La pili ni mantiki: katiba haiwezi kusema hakuna dini ya taifa, kisha kurasa chache mbele ikaunda cheo ambacho mtu wa dini nyingine hawezi kukiomba. La tatu lilikuwa hofu kwamba leo ni mirathi, kesho ni jinai. Hofu hii ndiyo iliyosikika zaidi mimbarini, na ndiyo iliyokuwa dhaifu kuliko zote, kwa kuwa katika muda wote wa ukoloni na uhuru mamlaka ya kadhi wa Kenya yalikuwa yakipungua, si kuongezeka.

Waislamu walijibu kwamba hakuna Mkristo anayepelekwa kwa kadhi asipotaka. Waliuliza pia kwa nini dini ionekane ndani ya sheria pale tu inapokuwa yao. Jumapili ni siku ya mapumziko, Krismasi na Pasaka ni sikukuu za serikali, na Kenya yenyewe ilikuwa na sheria maalumu za ndoa za Wakristo na za Wahindu hadi zilipokusanywa katika Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014. Jibu hili lina uzito zaidi kuliko wapinzani walivyokubali. Sheria inayoitwa ya kawaida ilitoka Uingereza ikiwa imebeba ndoa ya Kikristo mgongoni, na aliyeizoea huenda asiuone mzigo huo.

Tarehe 24 Mei 2010 majaji watatu wa Mahakama Kuu jijini Nairobi waliwapa ushindi viongozi wa makanisa. Walisema kipengele cha makadhi katika katiba ya zamani kilibagua, na kwamba kutumia fedha za umma kwa mahakama hizo kulivunja mpaka kati ya dini na dola. Uamuzi huo ulikuja katikati ya kampeni za kura ya maoni. Makanisa makubwa yaliwahimiza waumini wakatae katiba mpya kwa sababu ya kadhi na kwa sababu ya kifungu cha utoaji mimba. Tarehe 4 Agosti karibu asilimia 67 ya wapiga kura waliikubali. Kwa idadi ya Wakristo nchini Kenya, matokeo hayo yasingewezekana bila mamilioni yao kupiga kura tofauti na maagizo ya mimbari. Pengine hapo ndipo dini na dola zilipotenganishwa kwa vitendo, na aliyezitenganisha hakuwa jaji bali mpiga kura aliyekwenda kanisani Jumapili na kituoni Jumatano.

Katiba iliyozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010 imempa kadhi nafasi na kumwekea uzio. Ibara ya 170 inataka awepo Kadhi Mkuu na wengine wasiopungua watatu. Mamlaka yao hayapiti hadhi ya mtu binafsi, ndoa, talaka na mirathi, na ni pale tu ambapo pande zote ni Waislamu na zimekubali kwenda huko. Kadhi huteuliwa na Tume ya Utumishi wa Mahakama kama mahakimu wengine, na hukumu yake hukatiwa rufaa Mahakama Kuu. Mahakama hizi sasa haziko pwani peke yake. Zipo Nairobi, Garissa, Isiolo, Nakuru na Kisumu.

Sehemu ngumu imo katika Ibara ya 24, inayoruhusu haki ya usawa ipunguzwe kwa kadiri ile tu inayohitajika ili Sheria ya Kiislamu itumike mbele ya kadhi. Kwa lugha nyepesi, binti anaweza kupata nusu ya fungu la kaka yake bila katiba kuhesabiwa kuwa imevunjwa. Lakini kadiri hiyo inaishia wapi? Mwezi Juni 2025 Mahakama ya Juu iliamua kwamba watoto waliozaliwa nje ya ndoa wasinyimwe mirathi ya baba yao Mwislamu kwa sababu hiyo tu, na kwamba msamaha wa Ibara ya 24 usomwe kwa ufinyu. Viongozi wa Kiislamu walilalamika kwamba majaji wamejipa kazi ya kuifasiri Kurani. Waliounga mkono uamuzi huo walisema mtoto hakuchagua alizaliwaje. Mvutano huu si wa Wakristo na Waislamu tena, kwa kuwa wanaogombana ni ndugu wa baba mmoja, na dola haina pa kukimbilia maana kesi iko mezani kwake.

Tanzania Bara ilichukua njia nyingine. Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1963 iliunganisha mahakama zote katika mfumo mmoja, na mabaraza ya maliwali na makadhi yakafutwa pamoja na mahakama za kimila. Nia ilikuwa kujenga taifa moja lenye mahakama moja. Mwalimu Nyerere alirudia mara nyingi kwamba serikali haina dini ingawa watu wake wanazo, na msimamo huo umejengwa katika Ibara ya 19 ya Katiba ya mwaka 1977, inayosema kwamba kueneza dini na kuendesha jumuiya za dini si kazi ya dola. Swali la dini ya mtu lilitolewa hata kwenye sensa baada ya ile ya mwaka 1967, na mwaka 2012 baadhi ya Waislamu waligoma kuhesabiwa kwa sababu hiyo.

Lakini kumwondoa kadhi hakukuiondoa Sheria ya Kiislamu mahakamani, na hapa ndipo mjadala wa Tanzania unapopotosha wengi. Sheria ya mwaka 1964 ilimpa waziri mamlaka ya kutangaza kwa maandishi kanuni za Kiislamu zinazotumiwa na mahakama, na tangazo likatolewa mwaka 1967. Mwislamu akifariki leo bila mgogoro mkubwa, familia huenda Mahakama ya Mwanzo kuteua msimamizi wa mirathi. Hakimu huangalia namna marehemu alivyoishi, aliswali au hakuswali, alioa vipi, aliwalea vipi watoto, kisha anaamua kama mali igawanywe kwa mila au kwa Uislamu. Mkristo aliyeishi maisha ya Kikristo hana nafuu kubwa. Sheria ya mirathi inayomhusu ni ya India, iliyotungwa mwaka 1865 chini ya Malkia Victoria, na mirathi yake haiwezi hata kufunguliwa Mahakama ya Mwanzo isipokuwa itawaliwe na sheria ya mila.

Kwa hiyo hakimu wa Tanzania Bara, ambaye anaweza kuwa Mlutheri kutoka Machame au Mkatoliki kutoka Bukoba, hugawa mafungu ya mke, mama na mabinti kwa kanuni ambazo huenda hakuzisomea. Kenya inamlipa mtaalamu wa dini na kumwekea mipaka, ilhali Tanzania inamkataa mtaalamu huyo na kumpa kazi yake mtumishi wa serikali. Ukitazama ni nani kati ya hao wawili anayemwambia Mwislamu dini yake inasema nini, ni dola isiyo na kadhi ndiyo iliyoingia ndani zaidi.

Katika ndoa, Bara ilijaribu kuweka sheria moja kwa wote. Waraka wa Serikali Na. 1 wa mwaka 1969 ulipendekeza jambo hilo na kuzua ubishi mkubwa, na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ikapitishwa. Ni sheria ya maafikiano: inatambua ndoa ya Kikristo, ya Kiislamu, ya kimila na ya serikali, lakini talaka ya kisheria ni ya mahakama, hata kama mume ameshaitamka. Ilizaa uamuzi mmoja wa kukumbukwa. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ilisikiliza kesi ya wanandoa Waislamu walioachana, mke akidai sehemu ya mali. Mahakama ilisema kupika, kufua na kulea watoto ni mchango katika kuchuma mali ya familia. Mke mwenyewe hakupata kitu, kwa kuwa ilionekana alikwisha kutapanya fedha za biashara alizopewa na mumewe, lakini kanuni aliyoiacha imewafaa wanawake wa dini zote tangu hapo. Sheria hiyohiyo pia iliruhusu wasichana kuolewa kabla ya miaka 18. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ilikubaliana na hoja za mwanaharakati Rebeca Gyumi kwamba vifungu hivyo ni vya kibaguzi, huku serikali ikivitetea kwa kutaja, pamoja na mengine, mila na dini.

Madai ya kurudisha kadhi hayawezi kueleweka bila kumbukumbu za Waislamu kuhusu dola hii isiyo na dini. Mwaka 1968 serikali ilipiga marufuku Jumuiya ya Ustawi wa Waislamu wa Afrika Mashariki, na Baraza Kuu la Waislamu wa Tanzania, BAKWATA, likaanzishwa kwa baraka za wakubwa wa serikali. Shule za misheni zilitaifishwa kwa sheria ya mwaka 1969, na Wakristo nao walipoteza kwa njia hiyo. Lakini Februari 1992 serikali ilitia saini hati ya maelewano na Jumuiya ya Kikristo ya Tanzania na Baraza la Maaskofu Katoliki kuhusu shule na hospitali za makanisa. Kwa makanisa na kwa serikali hiyo ilikuwa hesabu ya kawaida: hospitali za misheni zilitibu watu wa dini zote katika wilaya zisizo na hospitali ya serikali, hivyo ruzuku ilikuwa haki ya mgonjwa. Masheikh waliuliza kama fedha za umma zinaweza kwenda kwenye taasisi za kanisa, kwa nini zisiende kwa kadhi. Jibu la kwamba hospitali huhudumia wote na mahakama huhudumia Waislamu tu ni jibu zuri, ila halikutolewa kwa uwazi na mapema kiasi cha kutosha kuondoa shaka.

Mwaka huohuo, Desemba, Zanzibar ilijiunga na Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, OIC. Kelele zilizofuata zilitikisa Muungano, Zanzibar ikajitoa Agosti 1993, na kundi la wabunge 55 likadai serikali ya Tanganyika. Katika hali hiyo suala la kadhi liliingia siasa za vyama. Augustine Mrema, akiwa mbunge wa upinzani, aliwasilisha hoja binafsi mwaka 1998. Ilani ya chama tawala, CCM, ya mwaka 2005 iliahidi kulipatia ufumbuzi, maneno yaliyowapa Waislamu matumaini na kuwapa Wakristo wasiwasi, pengine kwa sababu hayakusema ufumbuzi gani. Lilipozuka tena katika Bunge Maalumu la Katiba mwaka 2014, Waziri Mkuu Mizengo Pinda aliahidi kuleta muswada. Ulifika mwanzoni mwa mwaka 2015, ukisema kadhi atambuliwe lakini asilipwe na serikali, na mtu aende kwake kwa hiari. Machi mwaka huo Jukwaa la Wakristo liliupinga na kuwataka waumini waikatae Katiba Inayopendekezwa, iliyopitishwa na Bunge Maalumu. Muswada ukaondolewa bungeni, na kura ya maoni juu ya katiba hiyo, iliyopangwa tarehe 30 Aprili, ikaahirishwa kwa sababu uandikishaji wa wapiga kura haukuwa umekamilika. Haijapigwa hadi leo.

Upande wa pili wa bahari, ndani ya jamhuri hiyohiyo, kadhi anaendelea na kazi. Sheria ya Zanzibar ya mwaka 1985 ilitoa nafasi kwa nyingine mwaka 2017, na mashauri ya Kiislamu yaliyoanzia kwa kadhi huishia Mahakama Kuu ya Zanzibar, hayavuki kwenda Mahakama ya Rufani ya Tanzania. Mzanzibari aliyehamia Temeke hubadilishiwa mfumo wa haki za familia kwa kuvuka bahari tu, na jamhuri haijasambaratika kwa tofauti hiyo. Wanaosema kadhi na dola isiyo na dini haviwezi kukaa pamoja wana la kueleza hapa. Na wanaosema kadhi ndiye dawa, nao waende wakawasikilize wanawake wa Unguja na Pemba wanaongoja kwa miezi kulipwa matunzo ya watoto.

Maswali yanayofaa kuulizwa ni machache na ni ya kazi: nani anamteua kadhi na kwa elimu gani, nani anamlipa, mke au mtoto asiyeridhika atakata rufaa wapi, na je, anaweza kukataa kwenda tangu mwanzo bila kutengwa na ndugu zake. Kenya imeyajibu nusu, na Mahakama yake ya Juu inaendelea kuyajibu. Tanzania Bara haijayauliza vizuri, kwa sababu kila mara mjadala ulipofunguliwa ulizungumzia kama serikali iwe na dini au isiwe nayo, wakati mirathi ya Kiislamu inasikilizwa kila siku ya kazi katika mahakama za mwanzo za nchi nzima, na hakimu ambaye huenda hakufundishwa sheria hiyo. Watakaokaa tena kuandika katiba waanzie kwenye mahakama hizo.